Nimeokota gitaa la Gibson la zamani kwenye mnada wa marehemu, fundi anataka kulipiga msasa. Nimkubalie?

Mtoto_wa_Chumbageni

Wakuu, habari za wikiendi. Mimi ni mtu wa Tanga, kwa sasa nipo Grand Rapids, Michigan, nabeba boksi kama wenzangu.

Huku mzee akifariki, watoto wanafungua nyumba, wanabandika bei kila kitu kuanzia vijiko mpaka makabati, na majirani wanapita kuchagua. Jumamosi iliyopita nilienda kutafuta mashine ya kukatia majani, nikarudi na gitaa. Lilikuwa uvunguni mwa kitanda, ndani ya boksi la kadibodi ngumu la kahawia lililochapwa magamba kama ngozi ya mamba. Nilipofungua ikatoka harufu ya kabati la bibi, na kwa mbali kama vanila.

Ni gitaa kavu dogo, la kifua bapa, si lile lililoumuka kifuani kama fidla. Katikati lina rangi ya asali, kadiri unavyokwenda pembeni linaiva mpaka kahawia nzito karibu na nyeusi. Kichwani limeandikwa Gibson. Nimetoa dola 350. Binti wa marehemu aliniambia baba yake alilinunua kijana na hakuwahi kujua nyimbo zaidi ya mbili.

Sijaona ubao uliopasuka. Ila vanishi yote ina nyufa nyembamba za kukatisha, kama wavu wa dagaa, na vitufe vya kukazia nyuzi plastiki yake imesinyaa. Kuna fundi wa fanicha hapa mtaani amesema kwa dola 200 anakwangua lote, anapiga msasa, anapaka upya mpaka nijione uso.

Nataka kumpelekea mzee wangu. Enzi zake alikuwa anapiga galatoni barazani pale Ngamiani, mpaka jirani alipoliazima kwa ajili ya harusi moja. Harusi iliisha, bwana harusi sasa ana wajukuu, gitaa bado halijarudi.

Je, nimkubalie fundi?

Kibatari

Dola 350 kwa gitaa la marehemu lenye nyufa? Mkuu umepigwa. Hiyo hela Kariakoo unapata jipya, begi juu, na chenji ya chipsi.

Karanga_za_Kukaanga

Nimekaa paleee nasubiri wajuzi.

Nyuzi_Sita

USIMPE. Mkuu, kama bado hujampa, usimpe, na kama umeshampa kimbia ukalichukue usiku huu huu.

Nimekaa kwenye karakana ya magitaa miaka 11, hapo Minnesota, kwa hiyo nisikilize. Nyufa unazoziona haziko kwenye mbao, ziko kwenye vanishi. Gibson wa miaka ile walipaka laka ya nitro, nyembamba, inayoendelea kukauka miaka na miaka. Ubao unavimba na kusinyaa kwa majira, laka imeshakuwa ngumu haiwezi kuufuata, basi baridi moja kali inaikata. Ni uzee, si ugonjwa. Watu wanaotafuta magitaa haya wanaziangalia nyufa hizo kwanza kabisa, maana ndizo zinazoonyesha kuwa halijaguswa. Na harufu uliyoisikia wanaijua.

Kabla hatujabishana kuhusu bei nifanyie mambo haya. Chukua tochi na kioo kidogo, chungulia ndani ya tundu. Kwenye kigogo kinachoshika shingo kwa ndani kutakuwa na namba iliyogongwa kwa muhuri, niandikie inavyoanza. Geuza kioo uangalie upande wa chini wa kifua: kuna mbavu za mbao zimegundishwa, niambie zimekaa kama ngazi au zimekatizana kama herufi X. Halafu hesabu vyuma vya shingoni.

Seremala_wa_Keko

Nyuzi_Sita unamtisha mwenzio bure. Mimi miaka 20 nipo Keko, nimepaka makochi, milango, hata jeneza la mtu mkubwa. Mbao ni mbao. Msasa namba 120, halafu 240, halafu 400, sanding sila, laka mikono mitatu. Kitu kinarudi kipya. Gitaa lina nini cha ajabu kuliko kabati?

Nyuzi_Sita

Seremala, heshima yako mkuu, ila kabati haliimbi. Ubao wa mbele wa gitaa kama hilo una unene wa milimita tatu hivi. Ukipitisha 120 huondoi laka peke yake, unaondoa na gitaa lenyewe. Ile rangi ya kuiva pembeni ilipulizwa kiwandani kwa mkono wa mtu, ukishaikwangua umeifuta. Na laka mpya ukiipaka nzito umelivisha koti la mvua.

Najua kwa sababu nimefanya. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa gitaa la miaka ya 50 la mteja, niondoe doa moja tu la kikombe cha kahawa. Nikaweka msasa. Doa likawa linakimbia, nami namfuata. Nilipoinua kichwa nilikuwa nimefika kwenye mbao nyeupe, eneo kama kiganja. Mwenye gitaa alipokuja hakusema kitu, alilishika tu pale peupe kwa kidole gumba, akalipapasa kama mtu anayepapasa kovu la mtoto. Tulimlipa. Mpaka leo nikiona msasa karibu na gitaa la zamani tumbo linanikata.

Kuhusu bei: wauzaji wa magitaa ya zamani wana kanuni yao kwamba kupakwa upya kunaondoa karibu nusu ya thamani. Maana yake huyo fundi unamlipa dola 200 akuharibie mali.

Seremala_wa_Keko

Hapo kwenye milimita tatu nimekuelewa. Sikujua ni nyembamba hivyo. Endelea.

Mtoto_wa_Chumbageni

Nimerudi wakuu. Nimetumia kioo cha poda cha mke wangu, kaniangalia kama nimerukwa na akili.

Namba inaanza na X, zinafuata tarakimu nne, nafasi, halafu tarakimu mbili. Mbavu zimekatizana, X kubwa chini ya tundu. Tena si za unene mmoja, zimechongwa, katikati zinashuka bonde halafu zinapanda. Vyuma nimehesabu mara mbili: 19. Ile plastiki ya kuzuia mikwaruzo pembeni ya tundu ni ndogo, umbo la tone.

X mbili, hii ni bahati au mkosi?

Nyuzi_Sita

Mkuu kaa chini.

Gibson wakati ule waligonga herufi zikirudi nyuma: Z ni 1952, Y ni 1953, X ni 1954, W ni 1955, hivyo hivyo mpaka Q ya 1961. Gitaa lako ni la 1954. Na kila ulichonitajia kinakubaliana na namba, maana mwaka 1955 walibadili: vyuma vikawa 20, plastiki ikawa kubwa, na mbavu wakaacha kuzichonga bonde. Lako limetoka mlangoni kabla ya mabadiliko hayo.

Sasa X ya mbavu. Kulikuwa na ndugu wawili wanaofanana nje kama mapacha, LG-1 na LG-2. Mwili mmoja, upana wa inchi 14 na kidogo chini ya kiuno, rangi moja. LG-1 mbavu zake ni ngazi, LG-2 ni X. Ngazi inatoa sauti kavu ya haraka, wengine wanaipenda, lakini X inaacha kifua kipumue. Ukiwa nje huwezi kujua, ndiyo maana nikakutuma kwenye poda ya shemeji. Unayo LG-2. Modeli hiyo ilianza 1942, ikabadilishwa jina kuwa B-25 mwaka 1962.

Lenye vanishi yake ya asili, bila kupasuka, madukani linasimama juu ya dola 2,000.

Kingine cha kuchekesha: liliundwa Kalamazoo, Mtaa wa Parsons. Kutoka hapo ulipo ni mwendo wa kilomita 80 hivi. Miaka 70 halijavuka hata jimbo.

Kibatari

Nimefuta kauli. Ila hapo kwenye vanishi ya asili tutajuaje? Isije kuwa alishapaka marehemu.

Nyuzi_Sita

Swali zuri. Kuna ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Zima taa za chumba, limulike lote. Laka ya nitro ikizeeka inang'aa kijani cha kuelekea njano. Palipoguswa baadaye panaonekana peusi au rangi nyingine.

Mtoto_wa_Chumbageni

Nimeazima taa kwa jamaa mwenye duka. Limewaka lote kijani-njano, mbele, nyuma, ubavuni, mpaka kichwa. Peusi ni nyuma ya shingo tu, karibu na kichwa, urefu wa kidole, mahali gumba linapokaa ukishika kodi (mkao wa vidole) ya C. Nyimbo zake mbili zitakuwa zote zilikuwa za C.

Mwana_Katanga

Jambo bandugu. Mi niko Lubumbashi, munisamehe Kiswahili ya huku kwetu. Niliona neno "gitaa ndogo" nikaingia.

Batu banapenda gita ya tumbo kubwa juu inapiga kelele. Lakini kwa mupigo ya vidole, ile ya Mwenda wa Bayeke, muntu ya Bunkeya, ndogo ndiyo inafaa. Hugh Tracey, muzungu ya kurekodi miziki ya Afrika, alimurekodi kule Jadotville mu 1952, leo tunaita Likasi. Mwenda alikuwa anapiga na vidole mbili tu, gumba na cha shahada. Gumba inatembeza besi, ile ingine inaimba. Ukisikia unasema ni batu babili. Mu gita kubwa besi inafunika wimbo. Mu ndogo kila uzi inasema yake.

Usiiharibu iyo, ndugu.

GalatoniMzee

Mwana_Katanga umenikuna pahali. Vijana, mnajua kwa nini baba zenu waliita gitaa kavu galatoni? Ni jina la biashara. Gallotone ilikuwa nembo ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, na santuri za Mwenda zilitoka na nembo hiyo hiyo. Watu walinunua santuri ya Gallotone, wakanunua na gitaa la Gallotone, wakajaribu kufananisha. Jina likabaki hata kwa magitaa ambayo hayakutoka huko.

Na huko kwa wazungu, gitaa la kwanza la John Lennon, mwaka 1957, lilikuwa Gallotone Champion. Ndani lilibandikwa lebo ya kuhakikisha kwamba halipasuki. Halikupasuka kweli, maana lilikuwa la plaiwudi.

Omutibo254

Wazee wa kazi! Huku Kakamega tulilelewa na omutibo, ule mtindo wa gitaa wa marehemu George Mukabi, gitaa kavu moja na chupa ya Fanta ikigongwa pembeni. Mwenye uzi, weka sauti basi. Tunasoma kuhusu mbavu tangu jana kama tuko buchari.

Msambaa_Original

Mimi ningeuza. Dola 2,000 ni kama milioni tano. Nunua kiwanja Pongwe, mzee mpelekee gitaa la Kariakoo, kila mtu anafurahi.

Nyuzi_Sita

Kuuza au kutouza ni lake, sitamshauri. Lakini Chumbageni, hiyo safari ya Tanga tuiongelee.

Hilo gitaa limejengwa kwa mbao nzima. Kifua ni sprusi, jamii ya misonobari, mgongo na ubavu ni mahogani. Gundi yake ni ya kuchemsha ngozi za wanyama, inayolegea kwa joto na unyevu. Mbao nzima zinakunywa hewa. Magitaa haya yanapenda unyevu wa asilimia 45 mpaka 50. Huko Michigan wakati wa baridi hita zikiwaka nyumba inakauka mno, gitaa likiachwa ukutani linapasuka kama midomo. Lako limepona kwa sababu lilikuwa uvunguni, ndani ya boksi, mbali na hita. Marehemu hakujua kupiga lakini alijua kuhifadhi, au alilisahau tu, matokeo ni yale yale.

Tanga ni kinyume. Mwaka mzima mko juu ya asilimia 70. Kifua kitavimba, daraja (kile kibao kinachoshika nyuzi kifuani) litapanda, nyuzi zitakuwa mbali na shingo mpaka mzee aumie vidole. Halafu mtu alisahau kwenye buti la gari saa saba mchana, gundi inaachia.

Msambaa_Original

Mbona ya baba zetu yalikaa Tanga na hayakufa?

GalatoniMzee

Plaiwudi, mwanangu. Nimesema hapo juu.

Mpingo_wa_Kilwa

Naongeza kitu ambacho hakuna aliyekigusa. Ubao mweusi wa shingoni na daraja, kwa gitaa la 1954, una uwezekano mkubwa ni rosewudi ya Brazili. Huo mti ni wa ukoo mmoja na mpingo wetu. Brazili umekatwa mpaka karibu kuisha, ndiyo maana tangu 1992 upo Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kule waliko faru na tembo. Kuvuka nao mpaka kunahitaji cheti kinachoonyesha kwamba mbao ilikatwa kabla ya sheria. Uliza idara ya samaki na wanyamapori ya Marekani kabla hujakata tiketi, usije ukaacha gitaa uwanja wa ndege.

Mpingo wenyewe upo Kiambatisho cha Pili tangu 2017, lakini kwa vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa walilegeza mwaka 2019. Ulegezaji huo hauigusi rosewudi ya Brazili.

Mtoto_wa_Chumbageni

Duh. Kumbe nimenunua faru.

Nyuzi_Sita, swali la mwisho. Limekaa nyuzi zake za zamani zina kutu. Nibadili mwenyewe? Na nikipiga uzi wa kwanza juu kabisa unagonga chuma.

Nyuzi_Sita

Badili, ila weka nyepesi, 11 au 12 kwa uzi wa kwanza (unene kwa elfu za inchi), usipite hapo. Usizitoe zote kwa pamoja, toa mmoja weka mmoja, kifua kisishtuke.

Halafu chukua rula ndefu iliyonyooka, ilaze juu ya vyuma vya shingo katikati, isukume mpaka ifike darajani. Ikipita sawa na mgongo wa daraja, shingo iko salama. Ikigonga chini, shingo imeinama mbele kwa miaka yote ya kuvutwa na nyuzi, na siku moja italazimu kutolewa kwa mvuke na kuchongwa pembe upya. Hiyo ndiyo kazi pekee kubwa ninayoikubali kwenye gitaa la zamani, na si ya fundi wa makochi. Usiku mwema Seremala.

Seremala_wa_Keko

Nimesikia 😂

Mtoto_wa_Chumbageni

Rula inapita juu ya daraja kwa unene wa karatasi. Kwenye chuma cha 12 nimepitisha sarafu mbili za senti kumi chini ya uzi wa sita, zimeingia kwa kubana.

Nyuzi_Sita

Hiyo ni milimita 2.7. Wapo watu wanaolipa mafundi pesa nyingi kufika hapo. Usiguse kitu. Vitufe vilivyosinyaa navyo viache, vikianza kumeguka vibadilishe, vya zamani weka kwenye bahasha ndani ya boksi.

Mtoto_wa_Chumbageni

MREJESHO.

Wakuu, samahani kwa kimya cha wiki mbili. Fundi wa fanicha nimemwambia ahsante. Kununa kanuna, lakini tumeachana salama.

Nyuzi mpya nimeweka. Jumapili nikampigia mzee kwa video, simu nimeiegemeza kwenye bakuli la matunda. Nikampa shikamoo, nikamwonyesha. Hakuangalia rangi. Akaniambia, "Ligeuze nione mgongo." Nikageuza. "Libishe." Nikaligonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayebisha hodi. Akanyamaza, akasema nibishe tena karibu na daraja. Halafu: "Piga nyuzi zote, wazi, usishike kitu."

Nikapitisha gumba. Mimi mwenyewe sijui kupiga, lakini ule mlio ulikaa mezani kama mgeni aliyekaribishwa chai, hauna haraka ya kuondoka.

Mzee akasema, "Uzi wa tatu umelegea kidogo."

Nikafungua programu ya kupimia. Kweli, umelegea kidogo. Simu ya laki mbili, intaneti ya Tanga, maili elfu nane, na kausikia.

Nikamweleza yote, unyevu, gundi, cheti cha faru. Nikitegemea atasikitika. Akasema hilo libaki huko huko kwenye baridi yake, ila kila Jumapili nimpigie anifundishe, kwa sababu haiwezekani gitaa likae miaka 70 kwa watu wasiojua. Tumeanza na gumba. Somo la kwanza lilikuwa gumba peke yake, besi mbili, kwenda na kurudi, nusu saa nzima. Vidole vingine amenikataza kuvitumia mpaka mwezi ujao. Mwana_Katanga, anakusalimia, anasema uliyosema ya vidole viwili ni sahihi.

Yeye namtumia la plaiwudi, jipya, na seti sita za nyuzi. Nilipomwambia akasema ngoja kwanza usinunue. Kesho anapita kwa jirani kulidai lake.

Karanga_za_Kukaanga

Karanga zimeisha. Tunaomba mrejesho wa jirani.